Mwaka wa Kumimina Risasi Hayes

Kuldip, binti wa Mzee Harbans, hazungumzi Kiswahili. Anakijua, maana alizaliwa London na kulelewa na wazazi waliogombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kipunjabi, lakini ukimsemesha hukujibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo ujumbe wake wa sauti ulipoingia nikiwa katikati ya karakana, niliusikiliza kwa sikio moja, la pili likiwa kwenye tanuri, nikasikia Kiingereza kirefu kuhusu hospitali, kuhusu kifua, kuhusu wajukuu waliowahi kufika. Mwisho akasema kwa Kiswahili cha mama yake: "Mzee amekwenda, kaka." Nikarudisha simu mfukoni. Vijana walikuwa wamenitolea macho wakingoja ishara ya kumimina, na aluminiamu ikishaiva haijui msiba. Nikawapa ishara. Puli zilitoka safi, zote, na nikawaambia ni safi.

Nina karakana kubwa kuliko zote za kumimina metali hapa Morogoro, na nalisema hilo bila kuomba radhi. Mashine za kusaga za mikoa mitatu zinazunguka kwa puli zangu. Diploma yangu ya uhandisi wa mitambo iko kwenye fremu ukutani, mahali ambapo mgeni akikaa kitini haiwezi kumpita machoni, na nyumba yangu ya ghorofa niliichora mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Watu wakija kunitembelea hupenda niwasimulie Uingereza, nami huwasimulia: theluji, treni za chini ya ardhi, ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege nilipopanda kutoka kubeba maboksi hadi kusimamia wabebaji. Lakini kuna mwaka mmoja ambao sijawahi kumsimulia mtu, hata mke wangu, si kwa sababu ni siri, ila kwa sababu kila nikitaka kuuanza nahisi kama ulimtokea mtu mwingine aliyenipa niushike tu. Leo Mzee Harbans hayupo. Nadhani sasa ni wangu kuusema.

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu kwenye nyumba yake pale Hayes, London. Masomo yalikuwa yamekwisha, nilikuwa nimeomba kuongezewa muda wa kukaa nchini, na pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji. Ukiidai kabla hawajaamua, ombi lako limekufa. Chumba kilikuwa cha Kuldip kabla hajaolewa. Karatasi za ukutani zilikuwa na farasi wadogo wa waridi, kwenye kona kulikuwa na cherehani iliyofunikwa shuka, na dirisha lilitazama ua wa nyuma penye banda la mbao. Ndege zilipita chini kiasi kwamba vijiko vya jikoni viligongana, na watu wa nyumba ile walikuwa na desturi ya kukata sentensi katikati ndege ikipita, kisha wakaimalizia pale pale walipoiachia, bila hata kujua wanafanya hivyo. Nami baada ya miezi nikawa hivyohivyo. Mke wangu huniuliza mpaka leo kwa nini nanyamaza ghafla ninapoongea.

Mzee Harbans alikuwa Kalasinga wa Nakuru, fundi wa mashine za kupasulia mbao, aliyehamia London zamani na kuzeeka bila kukiacha Kiswahili chake, Kiswahili kile cha karakana za Bonde la Ufa, kisicho na ngeli wala wakati. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Kuldip, alikisema vizuri zaidi na alikitumia hasa kumgombeza. Jioni ya kwanza alinipikia ugali na dengu, akakaa kunitazama nikila mpaka nilipomaliza, ndipo akamgeukia mumewe: "Huyu anakula kama mtu. Si kama yule mpangaji wako wa Poland, kila kitu na jibini." Mzee akauliza nilisomea nini. Nikamwambia nina diploma ya uhandisi wa mitambo. Akapiga meza. "Diploma! Basi kesho wewe nakuja banda." Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena. Nilikuwa Diploma, nami sikukataa, maana ni kweli.

Siku ya pili nilikuta ndani ya banda lile kitu ambacho kwetu ni mali ya babu aliyekwenda kuwinda ngiri: mambo ya gobore. Mzee alikuwa mwanachama wa klabu ya shabaha ambako wazungu wazima, wenye magari mazuri, hushindana kupiga karatasi kwa bunduki za kushindilia baruti mdomoni. Bunduki yenyewe niliiona mara chache; ilikaa ndani ya nyumba kwenye kabati la chuma lililofungwa bolti ukutani, na ufunguo ulipowekwa alipajua yeye peke yake, ndivyo sheria yao inavyotaka. Bandani alikuwa na chungu cha umeme, kalibu za chuma, marobota ya risasi, ile metali yenyewe laini na nzito, iliyotolewa kwenye mapaa ya nyumba za zamani, na mizani. Huko ndiko alikotengeneza mwenyewe vichwa vya kushindilia kwenye bunduki. Nilicheka sana. "Mzee, nimevuka bahari nije kumkuta Kalasinga anashindana na wazungu kwa gobore?" Akasema, "Cheka. Lakini kwanza wewe naambia mimi, kwa nini hii iko na makunyanzi kama uso ya mama mkwe?"

Alikuwa amenishikisha kichwa kimoja cha risasi, na kweli kilikuwa na makunyanzi. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unayeyusha risasi, unatia bati kidogo ili ijaze pembe za kalibu, unatupia kipande cha nta, unakoroga, taka zinapanda juu, unaziengua. Kisha unamimina kwenye tundu la kalibu, unangoja igande, unagonga kibamba cha juu kukata kikonyo, unafungua, kichwa kinadondoka kwenye taulo. Unafunga, unamimina tena. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamtazama akifanya, na kabla chai haijaitwa nilikuwa nimeshajua ugonjwa. Mzee alipenda mno kazi yake. Kila kichwa kilipodondoka alikiokota kwa koleo, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakisifu au akakitukana. Wakati huo kalibu inapoa. Anamimina tena kwenye kalibu iliyopoa, makunyanzi. Anakasirika, anapandisha moto. Sasa vichwa vinatoka vyeupe kama vimepakwa unga, na vizito kuliko vya kwanza. Anakasirika, anakwenda kunywa chai. Akirudi, anaanza upya na kalibu baridi.

"Mzee," nilimwambia, "Mama Kuldip akipika chapati, ya kwanza huwaje?"

"Ya kwanza iko ya mbwa."

"Kwa sababu chuma hakijatulia. Na akishapata chuma chake, anasimama kuitazama kila chapati?"

"Yeye nasimama, mimi nakula mkaa."

"Basi usisimame."

Ndivyo nilivyolitengeneza banda lile, na ningependa ieleweke kwamba nililitengeneza mimi. Kalibu tuliipasha moto kabla, kona yake ikiegemea ndani ya risasi iliyoyeyuka, mpaka risasi ikakataa kuishika. Vikonyo havikurudishwa chunguni katikati ya kazi, vilikusanywa kwenye kopo hadi mwisho. Kipande kipya cha risasi hakikuingia chunguni mpaka kimekaa kwanza kwenye ukingo wa chungu, kikapata joto na kukauka kabisa. Moto ukishapatikana hakuna kuugusa. Na juu ya yote, hakuna kutazama. Unamimina kwa pumzi zilezile, unagonga, unafungua, unafunga, unamimina, na kilichodondoka kimedondoka. Utakihukumu baadaye, kwenye mizani, kikiwa kimepoa na wewe umepoa. Mzee ilimuuma kama mtu aliyekatazwa kubusu wajukuu wake. "Hata moja tu, Diploma? Natazama moja?" "Hata moja." Lakini tulipopima mara ya kwanza baada ya hapo, mizani ilirudia namba ileile na ileile, na yeye akatoka nje akamwita mkewe aje aone. Mama Kuldip alikuja hadi mlangoni tu, kwa kuwa ndani hakuingia. Risasi ni sumu, alisema, na sheria yake ilikuwa kwamba hatuli bandani, tunaacha nguo za kazi kwenye ngazi ya nyuma, tunaosha mikono kwa sabuni hadi viwikoni kabla hajatupa kikombe. "Mapacha," mumewe alimwambia akimwonyesha. "Tazama, yote iko mapacha." Akajibu, "Oga."

Mama yangu alifariki mwanzoni mwa baridi. Mdogo wangu Elia alinipigia nikiwa kazini, nimesimama kati ya rafu, nikasikia, nikamuuliza ni hospitali gani, akanijibu, nikasema sawa. Nilimaliza shifti. Nilipanda basi. Mezani Mama Kuldip alinipakulia, nikala nusu, nikasema mama yangu amekufa, kwa sauti ya mtu anayesema nje kunanyesha. Mzee akaweka kijiko chini. Mama Kuldip alizunguka meza akasimama nyuma ya kiti changu, akaniwekea mikono mabegani, nami nilichofikiria ni kwamba mikono yake inanuka bizari. Sikulia. Watu wengi wameniambia kilio kitakuja chenyewe, kuna siku utakuwa unavuka barabara tu. Nimevuka barabara nyingi. Kwa hesabu ya uhandisi ningesema kuna mahali palipoa kabla hapajajaa.

Katika ukoo wetu kuna jambo. Mama akifa, wanawe na ukoo mzima hawanyoi mpaka kifungua mimba wake anyolewe kwanza, na kifungua mimba ni mimi. Na si wa kunyolewa na yeyote. Wembe wa kwanza, au mkasi, hushikwa na mwenye nyumba ambamo kifungua mimba alikuwa akiishi habari ilipomfika, mtu mzima mwenye mke, anayemlisha, naye asipokee hata thumni, kinyozi hahesabiki. Mpaka hapo tanga halijaanuliwa, na tanga lisipoanuliwa hakuna harusi itakayofungwa ukooni. Na Elia alikuwa na mchumba. Posa ilishapokelewa, vitenge vilishanunuliwa, na upande wa binti, wakitoa pole zao zote, walisema wazi kwamba wanangoja mpaka Pasaka. Ikifika tanga halijaanuliwa, watarudisha posa, kwa sababu yuko mwingine anayebisha hodi. Mazishi yalifanyika bila mimi, hilo walinielewa, wanajua habari za makaratasi. Lakini hili la nywele halikuwa na njia ya kuzunguka. Baba Mkubwa, ndugu mkubwa wa marehemu baba na mwenye kauli ya mwisho pale nyumbani, alichukua simu ya Elia.

"Kama huwezi kuja, basi unyolewe hukohuko. Huna mwenye nyumba?"

"Ninaye, Baba Mkubwa."

"Mtu wa wapi?"

"Kalasinga."

"Kalasinga huyu wa kilemba?"

"Wa kilemba."

Nikasikia mtu akicheka nyuma, na mwingine akimnyamazisha. "Mungu ana mambo," akasema Baba Mkubwa. "Haya. Muulize."

Kulikuwa na Mtanzania mwenzangu wa Barking aliyeniambia nihamie kwake, nilale, anyoe yeye, tuwaambie wazee lolote. Nilimwambia hapana. Kwetu hatudanganyi kwenye nywele. Nikasubiri Jumapili, tukiwa mezani watatu, muhogo wa kukaanga na chatine katikati, nikamweleza Mzee jambo lote tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho akikuna ndevu zake ambazo hazikuwahi kuguswa na mkasi. Mama Kuldip alitazama sahani yake.

"Diploma," akasema, "omba kitu ingine. Omba gari. Mimi napa wewe gari."

"Sihitaji gari, Mzee."

"Tangu zaliwa, hii mkono hapana kata nywele. Yangu hapana, ya mtoto hapana, ya mtu hapana. Mungu naotesha, mimi iko nani natoa? Wewe iko kama mtoto ya hapa nyumbani. Lakini hii hapana."

"Nimeelewa, Mzee."

"Wewe nakasirika?"

"Sijakasirika." Na ilikuwa kweli. Nilichukua kipande kingine cha muhogo.

Baadaye nikiwa juu niliwasikia kupitia sakafu. Mama Kuldip alisema maneno mengi kwa Kipunjabi, kisha ndege ikapita, kisha akamalizia kwa Kiswahili, polepole, kana kwamba alitaka nisikie: "Mama yake ni mmoja tu, Harbans." Yeye akajibu, "Na Mungu?"

Baridi yote ile tulimimina. Nilikuwa nikitoka kazini Jumamosi nakwenda moja kwa moja bandani, na Jumapili vivyo hivyo, na siwezi kuwaambia nilikuwa nikifikiria nini, kwa kuwa sikuwa nikifikiria. Mimina, gonga, fungua, funga. Mlango wazi, dirisha wazi, baridi mgongoni na moto usoni. Nywele zilikua mpaka kofia ya kazi ikakataa kuingia, nikaiacha, nikabaki na miwani, glavu na aproni ya ngozi. Vichwa vya mwaka ule vilikuwa vizuri kuliko nilivyowahi kuona, hata leo kwenye karakana yangu yenye mashine nilizoagiza sijapata kufanana kule. Nahodha wa timu yao, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa anamtafutia Mzee njia ya heshima ya kumwondoa timuni kwa sababu ya macho yake, alimwuliza ni duka gani anakonunua vichwa. Mzee alirudi nyumbani anacheka peke yake. Mimi nilikuwa nikipokea picha kutoka nyumbani: Baba Mkubwa na ndevu kama nabii, shangazi zangu vichwa vimefungwa vitambaa, na Elia, kijana maridadi aliyekuwa akinyoa kila wiki, kichwa chake kikiwa kama kichaka. "Kaka," aliniambia wiki mbili kabla ya Pasaka, "nimwambie nini baba yake? Niambie tu la kumwambia." Nikamwambia nitapiga.

Ilikuwa Jumapili ya Matawi, mchana. Nilikuwa nimeshaikamata kazi, kalibu imetulia, vichwa vinadondoka, na chungu kilikuwa kimeteremka nusu. Mzee alisimama kando yangu akipanga taulo. Alikuwa siku hizo ananitazama sana bila kusema, na nadhani aliona nimechoka, au aliona kitu kingine, maana alisema, "Wewe hapana simama, mimi naongeza," akatoka nje. Alitaka kunisaidia. Marobota ya akiba aliyaweka ukutani chini ya mfereji wa paa, nje, miaka yote, nami nilishamwambia ayaingize ndani akacheka. Nakuru ukiacha chuma nje, saa ya chai kimekauka, unakishika unaungua. Miaka arobaini na kitu ya mvua ya London haikuwa imemtoa Nakuru mikononi. Alichukua robota kutoka kwenye lile rundo, akalifuta kwa aproni, akarudi, na badala ya kuliweka ukingoni akalitumbukiza.

Maji yakiingia chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja, na mvuke hutafuta njia. Nilisikia mlio kama wa mtu kupasua kopo, na chungu kikatapika. Glavu zilishika kiasi, aproni ikashika, miwani ikaokoa macho. Iliyobaki ilinidondokea kichwani. Sikupiga kelele, aliyepiga kelele ni yeye, kwa Kipunjabi, akanishika kola akaniburuta hadi uani, akanikalisha kwenye ngazi. Nilinusa nywele zikiungua na nilijua ni zangu. Risasi ilikuwa imegandia ndani ya nywele, mabonge mabonge, na hakuweza kuona kama chini yake kuna ngozi au kuna kidonda. Alijaribu kwa vidole. Kisha akakimbilia bandani akarudi na kile alichokiona kwanza, mkasi wa bati, ule mzito wa kukatia mabati, akaanza kukata. Alikata kwa haraka, akitupa mabonge chini, akisema "Ngoja, ngoja, ngoja," ingawa mimi nilikuwa nimetulia kuliko yeye. Chini ya kichaka kile kulikuwa na kidonda kimoja kidogo tu, kilichoacha kovu hili hapa juu ya paji ambalo vijana wa karakana hudhani nililipata kazini kwao. Nywele za msiba zilikuwa zimeibeba risasi yote iliyobaki.

Ndipo mkasi ukasimama hewani. Mama Kuldip alikuwa mlangoni, bakuli la maji mkononi. Alimtazama mumewe, akatazama nywele kwenye sakafu ya uani, akaweka bakuli chini taratibu. Mzee alikaa kwenye ngazi kando yangu. "Mimi nakata nywele," alisema, kama mtu anayesoma maneno ya kibao.

Simu ikaita mfukoni mwangu. Ilikuwa Elia, kwa video, ndiyo saa yetu ya Jumapili. Aliniona akashtuka, nusu ya kichwa changu ilikuwa wazi. Nikamweleza kwa maneno machache. Akaondoka mbio na simu, nikaona miti, nikaona kuku, kisha nikaona ndevu za Baba Mkubwa.

"Nani alishika mkasi?"

"Mwenye nyumba."

"Ulimpa kitu?"

"Sikumpa."

"Mpe simu."

"Baba Mkubwa, ilikuwa ajali. Alikuwa ananiokoa."

"Nimesikia ajali. Ajali si kunyoa. Ukikatwa na panga shambani umenyolewa? Kama alikukata kwa bahati mbaya, aseme, tumshukuru, yaishe. Kama alikunyoa, aseme mwenyewe nisikie. Mpe simu."

Mzee alikuwa amesikia kila neno. Kile ndicho Kiswahili alichozaliwa nacho. Alikaa mikono katikati ya magoti. Sikumgeuzia simu wala sikumwomba. Nilijua kilichokuwa kwenye mizani kwa upande wangu, Elia na mchumba wake, na nilijua kilichokuwa upande wake, na sikuhisi kwamba nina haki ya kuongeza hata punje. Ndege ilipita. Tulingoja ipite. Ilipokwisha akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Jambo, mzee."

"Jambo, ndugu yangu. Ulimkata kijana wetu, au ulimnyoa?"

"Mimi nanyoa yeye."

"Kwa nia?"

Alifumba macho. "Kwa nia. Kwa mama yake."

"Umemaliza?"

Mzee Harbans aligeuka akatazama kichwa changu, upande uliokatwa na upande uliosimama. "Bado," akasema. "Mzee ngoja kidogo." Akampa mkewe simu. Mama Kuldip aliishika kwa mikono miwili, akituelekezea, machozi yakimtiririka bila sauti, na mumewe akainama nyuma yangu akakata. Safari hii hakuwa na haraka. Alikwenda kutoka sikio hadi sikio bila kusimama, na nywele zilipodondoka hakuzitazama. Nilisikia Baba Mkubwa, mbali kule, akiomba kwa lugha ya kwetu, na sauti nyingi zikiitikia.

Kesho yake walinyoa wote. Elia alinitumia picha. Nilikuwa nimezoea kumwona na mitindo yake, sikuwahi kuona kichwa chake chenyewe. Kilikuwa kichwa cha mama. Masikio yale, bonde lile dogo kwenye kisogo ambalo mama alilionyesha alipofunga kilemba vibaya. Niliitazama mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe, nikakiwasha, nikaitazama tena. Harusi ilifungwa siku chache baada ya Pasaka. Niliifuatilia nikiwa kazini, picha ikikwama na kuachia, na nikamwona binti akicheka.

Jumapili iliyofuata sikumkuta Mzee bandani. Chungu kilikuwa baridi. Mama Kuldip alisema amekwenda hekaluni. Jumapili nyingine vilevile, na nyingine, na shindano lilikuwa linakaribia, akiba yetu haitoshi. Mara ya nne sikungoja. Nilipanda basi hadi kwenye hekalu lao, nimevaa viatu vyangu vya kazi, nikaingia lango pamoja na familia zilizovaa nguo za rangi za sikukuu. Mlangoni kuna chumba cha kuvulia viatu, rafu mpaka dari. Mzee Harbans alikuwa amekaa chini, kilemba kimefungwa vizuri, kitambaa mkononi, akifuta kiatu cha mtoto.

"Mzee," nikasema. "Unafanya nini hapa?"

"Nafuta viatu."

"Vya nani?"

"Ya watu yote." Aliweka kiatu cha mtoto kando ya mwenzake, akachukua kingine. "Mimi naambia wazee ya hekalu, mimi nashika mkasi. Wao nasema, wewe futa viatu mpaka sisi nasema tosha."

"Ungewaambia ilikuwa ajali. Mama Kuldip aliona. Mimi ningekuja kushuhudia."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya kwanza bandani, nilipomwambia asisimame. "Baba yako mkubwa nauliza mimi, mimi nasema kwa nia. Sasa hapa mimi nasema ajali?" Akatikisa kichwa. "Maneno mbili, Diploma? Mdomo moja?"

Watu walipita kati yetu wakiacha viatu. Mwanamke mmoja alinipa kitambaa cha rangi ya machungwa, akanionyesha kwa ishara nifunike kichwa changu kilichoanza kuota upya. Nilikifunga vibaya, Mzee akanyanyuka nusu akanifungia vizuri.

"Ingia, kula," akasema. "Chakula iko tayari. Lakini kwanza vua."

Nilikaa kwenye benchi nikafungua kamba. Vilikuwa viatu vya ghalani, vyenye ncha za chuma, tope limegandia kwenye nyayo. Nilivua kimoja, kisha kingine, nikainama na kumkabidhi kwa mikono miwili, naye akavipokea kwa miwili.